Bima ya gari lenye mbio hapa Tabora: ipi uchukue, ipi uache

Anayeleta Subaru ya turbo au Crown Athlete hapa Tabora, akishamaliza ushuru huuliza: na bima je? Wengi wanaamini gari likiwa na mbio lazima bima yake iwe ya kutisha. Uingereza ni kweli, kwa miaka mingi magari waliyapanga katika makundi 50 na yenye nguvu yalikaa juu. Kwetu hesabu huanzia kwenye thamani ya gari na matumizi yake. Gari binafsi likikatiwa bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kiwango cha chini ni 3.5% ya thamani, liwe Subaru au Noah. Kwa hiyo unafuu utafute kwenye ile namba inayoandikwa mbele ya neno "thamani".

Ya kwanza kwangu ni bima kubwa kwa thamani halisi ya leo. Gari la milioni 30 ni 1,050,000 kabla ya VAT. Inauma, najua. Lakini watu wengi wanalipa zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu kila mwaka wanahuisha kwa bei ileile waliyonunulia. Gari limeshashuka, wao bado wanalipia la zamani, na siku likiteketea watalipwa bei ya soko tu. Kabla ya kuhuisha, uliza magari ya mwaka huo na hali hiyo yanauzwaje sasa, kisha omba thamani irekebishwe. Kama mwaka mzima hukudai fidia, omba punguzo lake, maana usipoomba laweza kupita kimya. Uliza pia ada itashuka kiasi gani ukikubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa kidogo ya kila hasara.

Ya pili ni ya mtu wa tatu (yaani uliyemgonga) pamoja na moto na wizi wa gari lako, 2% ya thamani. Inafaa gari la umri mkubwa linalolala ndani ya geti na kutoka mara chache. Ila jua mpaka wake: tawi la mwembe likiangukia boneti, hapo hulipwi. Kwa mji wenye miembe kama wetu, angalia kwanza unaegesha chini ya nini.

Ya tatu ni bima ndogo, 100,000 kabla ya VAT. Sheria inakudai angalau hii. Inamlipa uliyemgonga, wewe na gari lako hamumo. Kwa gari la turbo ichukue tu kama una uwezo wa kulipoteza gari zima na maisha yakaendelea.

Ya mwisho, ambayo nakusihi uiache, ni bima kubwa yenye thamani iliyopunguzwa makusudi. Mdogo wangu alifanya hivyo. Forester yake ilikuwa na thamani ya milioni 24, akaandikisha milioni 12 ili alipe 420,000 badala ya 840,000. Jioni moja akitokea Nzega akagonga ng'ombe. Rejeta, taa zote mbili, boneti na interkula vikaenda. Matengenezo milioni 6. Mkadiria hasara alipiga hesabu mbele yetu kwa kalamu: umekatia nusu ya gari, unalipwa nusu ya hasara. Milioni 3, na humo bado kukatwa kile kiasi cha kubeba mwenyewe. Nilimwona mdogo wangu akiikunja ile karatasi mara nne bila kusema neno. Aliokoa 420,000 akapoteza milioni 3, na gari likakaa gereji miezi akisubiri pesa ya spea.

Ukinunua, mimi huanza kwa dalali wa bima, kwa kuwa anakuletea bei za kampuni kadhaa na anakusaidia siku ya kudai. Benki ni nzuri kama huna fedha yote kwa mkupuo: bima haianzi mpaka ada ilipwe, na baadhi ya benki hukopesha ada hiyo. Wakala ni sawa akiwa na leseni. Vishoka wa stendi, hapana kabisa.

Taja kila ulichobadilisha: turbo kubwa, rimu, ekzosi. Ukificha, unawapa sababu ya kukukatalia. Mashindano ya mbio hayamo kwenye bima hizi. Na gari la matumizi binafsi usilikodishe kwenye msafara wa harusi, maana siku hiyo limekuwa la biashara. Uliza gharama ya kuvuta gari inalipwa mpaka kiasi gani. Ukiharibikiwa Ipole, Tabora mjini si karibu. Walio Kigoma wanaovuka Manyovu kwenda Burundi waongeze kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari linalovuka mpaka.

Ukishalipa, usiondoke dirishani. Toa simu, ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, wa kuhakiki stika, andika namba ya gari, usome aina ya bima na tarehe ya mwisho. Isipoonekana, dai irekebishwe ukiwa bado umesimama hapo.