Apache Tomcat 10 kwa websoketi: tathmini kutoka ubao wa bei za samaki, Kisumu

Kwa miezi 8 sasa nimeitumia Apache Tomcat 10, seva ya programu za wavuti zilizoandikwa kwa Java, kuendesha ubao wa bei za samaki wa kikundi cha wachuuzi wanaonunua kwenye ufuo wa Dunga na kuuza katika soko la Kibuye. Mashua zinapofika ufuoni alfajiri, karani huingiza bei ya ngege, mbuta na omena kwenye simu yake, na papo hapo wachuuzi wote huiona bila kufungua ukurasa upya. Haya huwezeshwa na websoketi, mawasiliano ambayo huanza kama ombi la kawaida la HTTP na ambayo, seva ikishajibu kwa msimbo 101 (yaani imekubali kubadili njia ya mawasiliano), hubaki wazi ili kila upande utume ujumbe wakati wowote. Ninaipendekeza seva hii kwa moyo mkunjufu, ingawa anayeisimika anapaswa kujua mambo ambayo sisi tuliyajua kwa kuchelewa.

La kwanza lilikuwa kosa letu. Programu yetu iliandikwa enzi za Tomcat 9, ambayo maktaba yake ya websoketi hutumia jina javax.websocket, ilhali Tomcat 10 hutambua jakarta.websocket pekee. Kurasa zetu, kwa kuwa ni za HTML tupu, zilifunguka vizuri, lakini ombi la websoketi lilirudishiwa 404 (haipatikani) na kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, hakukuwa na kosa lolote, kwa sababu seva haikuwa na habari kwamba darasa letu la Java (class) lilikusudiwa kazi hiyo. Dawa ni kubadilisha majina hayo na kukusanya msimbo upya (compile), au kuiweka faili ya WAR, yaani kifurushi cha programu, kwenye folda iitwayo webapps-javaee ili Tomcat yenyewe iigeuze. Faili ya API (maktaba) ya websoketi isifungwe ndani ya WAR, kwani seva inayo yake.

Jambo la pili lilitusumbua wiki mbili nzima. Mbele ya Tomcat tumeweka Nginx, proksi inayopokea maombi na kuyapitisha kwa Tomcat, na kila alasiri ubao uliganda, ilhali asubuhi, wakati wa pilikapilika, haukuwahi kukatika hata mara moja. Kivinjari kilionyesha msimbo 1006, ambao hautumwi na seva yoyote; ni kivinjari kinachojiandikia kwamba muunganisho umekatika bila kuagwa. Tuliulaumu mtandao wa simu. Hatimaye niliunganisha moja kwa moja kwenye mlango 8080 nikiwa ndani ya mashine yenyewe, nikauacha muunganisho kimya kwa dakika 5, nao haukukatika. Hapo Tomcat ikawa imeondolewa lawama. Kwa kawaida Nginx hufunga muunganisho ikiwa seva iliyo nyuma yake haijatuma chochote kwa sekunde 60, na alasiri, mashua zikiwa chache, dakika nzima hupita bila bei mpya. Asubuhi bei zenyewe ndizo zilizokuwa zikiuweka muunganisho hai.

Tungeweza kurefusha muda huo wa kusubiri, proxy_read_timeout, lakini nilichagua kuifanya Tomcat itume ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama upande wa pili uko hai, kila sekunde 25 kwa kutumia sendPing, kwa kuwa kivinjari hujibu pong chenyewe na hivyo tunatambua pia simu zilizozimika. Jukumu hilo ni la seva, maana JavaScript ya kivinjari haina njia ya kutuma ping. Anayetumia Nginx ahakikishe pia kwamba amewasha HTTP 1.1 kuelekea Tomcat na kupitisha vichwa vya Upgrade na Connection, kwa sababu proksi haivipitishi vyenyewe na ombi haliwezi kufikia 101.

Kizuizi kingine ni kidogo: ujumbe wa maandishi unaoingia una kikomo cha baiti 8192, na karani alipotuma orodha ya siku nzima kwa mkupuo mmoja muunganisho ulifungwa kwa msimbo 1009. Kikomo hicho huongezwa kwenye web.xml, faili ya mipangilio ya programu, kwa mstari mmoja wa org.apache.tomcat.websocket.textBufferSize.

Tangu marekebisho hayo, wachuuzi wa Kibuye wanaona bei za alasiri kama wanavyoziona za alfajiri. Seva yenyewe ni ya bure, nami sijaona sababu ya kuibadilisha.