Ziara ya Nyumba za Ibada za Nairobi: Nzuri, Ila Hadithi Yake Inachelewa Kuanza

Nairobi haina sifa ya kuwa mji wa kuzuru kwa ajili ya mambo ya imani. Wengi huja hapa kutafuta kazi, shule au hospitali, na hata sisi wenyeji hupita mbele ya Msikiti wa Jamia au Basilika ya Familia Takatifu tukikimbilia matatu bila kuinua macho. Kwa hiyo nililipokea kwa hamu tangazo la ziara ya miguu inayowapitisha watu katika nyumba za ibada za katikati ya jiji kwa asubuhi moja, na kuwaeleza ni nani walizijenga, kwa sababu gani, na ni mambo gani yaliyotendeka ndani yake. Inaandaliwa na kikundi kidogo cha vijana wanaoongoza wageni, na ninaipendekeza bila kusita, ingawa nina hoja nzito kuhusu mahali inapoanzia hadithi yake.

Tulikutana karibu na kituo cha matatu cha Khoja, mbele ya jamatkhana, yaani nyumba ya ibada, ya Waismailia, madhehebu ya Kiislamu, iliyokamilika mwaka 1922. Hatukuingia, na mwongozaji wetu, kijana mtulivu mwenye sauti ya ualimu, alieleza waziwazi kwamba jamatkhana ni mahali pa ibada ya wanajumuiya wenyewe na kwamba kuitazama kutoka nje si upungufu wowote. Nilipenda heshima hiyo, kwa maana wapo waongozaji wengi wanaoona kila mlango kuwa haki ya mgeni aliyelipa. Hapo ndipo aliposimulia habari za reli iliyofika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na za wafanyakazi zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka India kuijenga, ambao karibu 2,500 kati yao walifariki kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, ndio walioanzisha misikiti, mahekalu na magurudwara (nyumba za ibada za Masingasinga) ya kwanza ya mji huu, mara nyingi kabla ya kujijengea nyumba za kudumu.

Kutoka hapo tulielekea Bustani ya Jeevanjee, ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa jamii ya Bohra, Waislamu wenye asili ya India, aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Mwongozaji angeweza kutusomea tarehe na kuendelea, lakini alituketisha kwenye viti vya saruji karibu na mhubiri aliyekuwa amesimama na Biblia mkononi, akiwahubiria makarani, wachuuzi na vijana wasio na kazi waliokuwa wakijipumzisha kivulini. Tulisikiliza kwa muda wa kutosha. Kila mkazi wa Nairobi anawajua wahubiri hawa wa bustanini, na pengine kwa sababu hiyo hatuwahesabu kuwa sehemu ya utamaduni wa jiji, ilhali wana kanuni zao: nani anatangulia kuhubiri, nani anaanzisha pambio, sadaka inakusanywa wakati gani, na msikilizaji anayetaka kuombewa anasogea vipi mbele bila kuitwa. Mwongozaji alizieleza kanuni hizo kwa makini yale yale aliyoyatumia baadaye kueleza madirisha ya kanisa kuu.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa Msikiti wa Jamia. Wanawake ambao hawakuwa na mitandio waliazimwa, viatu viliachwa mlangoni, na mzee mmoja anayehudumu msikitini akatupokea kwa maneno, "Karibuni wanangu, ulizeni lolote, hakuna swali la aibu hapa." Kijana mmoja katika kundi letu, Mkristo aliyekulia Kayole, alimwuliza kwa adabu, "Mzee, shikamoo. Mbona ndani hamna picha wala sanamu yoyote?" Mzee aliitikia marahaba, akamweleza kwa upole maana ya kumwabudu Mungu bila kumchora, kisha akamwonyesha maandishi ya Kiarabu yaliyopamba kuta na mihrabu inayoelekea Makka. Msikiti huu wenye kuba tatu za rangi ya fedha na minara miwili ulijengwa kati ya 1925 na 1933 chini ya uongozi wa Syed Maulana Abdullah Shah. Mwongozaji alimwacha mzee aseme, akaongeza tu pale alipoona kuna haja, na huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika kazi ya kuongoza wageni.

Tulipotoka, alitusimamisha kwenye ngazi za jengo la jirani, Maktaba ya McMillan, lenye sanamu za simba mlangoni, akatutaka tuyatazame majengo yote mawili kwa pamoja. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931, miaka miwili kabla msikiti haujakamilika, na hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa miaka ishirini na mitano hivi, Mwislamu wa rangi yoyote aliweza kusimama safu moja na wenzake katika jengo moja, huku Mwafrika na Mhindi wakizuiwa kuingia kusoma kitabu katika jengo linalopakana nalo. Nimeazima vitabu katika maktaba hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Ziara ya miguu ina thamani hasa kwa ajili ya mambo kama haya, ambayo hayaonekani mtu anaposoma historia ya kila jengo peke yake.

Katika Barabara ya Kenyatta tulipita kwa haraka kidogo kwenye sanamu ya Askari ya mwaka 1928, iliyowekwa kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha tukateremka kwenye Basilika ya Familia Takatifu. Jengo hili lilibuniwa na Dorothy Hughes, msanifu majengo wa Kenya, na lilikamilika katika mwaka wa uhuru, 1963. Mwongozaji alilisifu kwa urefu na mwanga wake, na ni kweli kwamba vioo vya rangi hulijaza kanisa hilo utulivu usiotarajiwa hatua chache kutoka kwenye msongamano wa City Hall Way. Lakini alichokisimulia vizuri zaidi ni misa ya wafu ya waziri Tom Mboya mwezi wa Julai 1969, siku tatu baada ya kuuawa kwake kwa risasi umbali mfupi kutoka hapo, wakati umati uliojaa uchungu ulipoupokea msafara wa Rais Kenyatta kwa mawe na polisi wakajibu kwa gesi ya kutoza machozi. Mama mmoja katika kundi letu alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akilia kila aliposimulia habari za siku hiyo, na mwongozaji akampa nafasi azungumze hadi alipomaliza.

Uzi huu wa nyumba ya ibada kuwa pia mahali pa haki ulifika kilele chake katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Kwa nje ni kanisa la Kiingereza la mawe mazito, kama kwamba lilikusudiwa kuwasahaulisha walowezi kwamba walikuwa Afrika. Ndani yake, hata hivyo, limetendeka jambo ambalo waliolijenga hawakulifikiria. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na mtetezi wa mazingira Wangari Maathai, waligoma kula katika Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowashambulia na kuwatawanya mwezi wa Machi, walipewa hifadhi katika chumba kilicho chini ya kanisa hili, wakaendelea na madai yao kwa takriban mwaka mmoja, hadi wengi wa wafungwa wale walipotoka. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia ndani ya kanisa lenyewe na kuwapiga watu waliokuwa wamekusanyika humo wakidai mageuzi ya katiba. Tuliyasikia hayo tukiwa tumeketi kwenye viti vya kanisa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka.

Vituo viwili vya mwisho vilikuwa vifupi. Sinagogi la Nairobi, lililo kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway, tulilitazama kupitia uzio, kwa kuwa kuingia kunahitaji mipango ya mapema, na tukaelezwa kuhusu pendekezo la Uingereza la mwaka 1903 la kuwapa Wayahudi ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, ambalo mkutano wao ulilikataa mwaka 1905. Katika Kanisa la St. Andrew's la PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki) tulikumbushwa mahubiri ya Mchungaji Timothy Njoya ya mwaka mpya wa 1990, yaliyotoa hoja hadharani kwamba utawala wa chama kimoja ungeanguka kama ulivyokuwa ukianguka Ulaya ya Mashariki. Hapo nilitamani tuwe na muda zaidi, kwa sababu mahubiri yale yaliibadilisha nchi na yalistahili zaidi ya maelezo ya kusimama kando ya barabara.

Sasa hoja yangu. Ziara hii inasimulia kana kwamba imani ilishuka Nairobi pamoja na abiria wa treni. Kabla ya 1899 palikuwa na watu, na watu hao walikuwa wakisali: Wagikuyu wakiuelekea Mlima Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na kutoa sadaka chini ya mti wa mugumo, Wamaasai wakimwomba Enkai, Mungu wao, katika malisho yale yale ambayo leo yamejaa maghorofa. Haya yalitajwa kwa sentensi mbili pale Khoja, kama utangulizi, kisha hayakurudiwa tena. Nafasi ya kuyarudia ilikuwepo. Wangari Maathai alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na bila imani hiyo ni vigumu kueleza kikamilifu kwa nini mwanamke yule alisimama mbele ya polisi kwa ajili ya bustani na misitu. Mwongozaji alimtaja mara nyingi, lakini siku zote kama mwanasiasa. Vivyo hivyo, tulipishana na Waakorino, waumini wa kanisa la Kikristo lililoanzishwa na Waafrika wenyewe, wenye vilemba vyeupe na ngoma zao, bila neno lolote kuhusu jinsi dini yao ilivyochipuka chini ya ukoloni, wala kuhusu Joseph Ng'ang'a na wenzake wawili waliouawa na polisi wa kikoloni katika msitu wa Ndarugu mwaka 1934. Watu hawa hawakuwa na fedha za kujenga kuba wala minara, na ziara inayofuata mawe pekee lazima itawaacha nje.

Upungufu wa pili unatokana na umbali. Mahekalu ya Wahindu na magurudwara mengi yako ng'ambo ya Mto Nairobi, Ngara na Parklands, likiwemo Hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999, na Msikiti wa Riyadha uko Pumwani, mtaa unaobeba historia ya Waislamu Waafrika wa mji huu ambayo Jamia peke yake haiwezi kuieleza. Nilipomwuliza mwongozaji, alisema wanafikiria kuandaa ziara ya pili ya upande huo. Ninawaomba waiandae mapema, na waikabidhi kwa wazee wa Pumwani kama walivyomkabidhi mzee wa Jamia maelezo ya msikiti wake.

Kwa atakayependa kwenda: ada yake ni ndogo kuliko gharama ya kupeleka familia katika mbuga ya wanyama, na haihusishi sadaka, kwa hiyo ni vyema kubeba fedha kidogo za kuacha pale mnapopokelewa. Kundi letu lilikuwa dogo, lakini kwenye Barabara ya Moi kelele za magari zilimeza nusu ya maneno, hivyo jitahidi kukaa karibu na mwongozaji. Maelezo hutolewa kwa Kiingereza isipokuwa mkiomba Kiswahili mnapoagiza nafasi, na ninashauri mwombe, kwa maana wazee na wahudumu mnaokutana nao njiani hufunguka zaidi kwa Kiswahili. Vaeni nguo za heshima na viatu vya kuvulika kwa urahisi. Epukeni Ijumaa, kwa kuwa Jamia huwa na swala ya adhuhuri na haiwezi kupokea wageni kwa utulivu, na kama mnaenda Jumamosi ulizeni kwanza kama kuna harusi katika Basilika, maana siku kama hiyo mtaishia kulitazama kanisa kutoka uani.