Uzoefu wangu na dirisha la sifa za picha katika QGIS

QGIS ni programu ya ramani ninayoitumia karibu kila siku ya kazi, na sehemu yake ninayoifungua mara nyingi kuliko nyingine yoyote ni dirisha la sifa za tabaka, yaani za seti moja ya data iliyowekwa kwenye ramani. Kazi yangu ni kupokea picha za satelaiti, picha za droni na data za miinuko, kuzikagua, kisha kuzikabidhi kwa wanaochora ramani. Kwa hiyo tathmini hii haihusu uzuri wa ramani zinazotoka katika programu hiyo. Inahusu jinsi programu inavyomwezesha mtu kuziona na kuzihariri sifa za seti ya data za picha, basi. Hukumu yangu ni kwamba katika kuziona sifa dirisha hili linatosha kabisa, tena linatosha kwa kazi nzito. Lakini katika kuzihariri linamtaka mtumiaji ajue mwenyewe ni badiliko lipi linabaki ndani ya mradi na ni lipi linaandikwa ndani ya faili la picha, kwani mara nyingi vitu hivyo viwili vimekaa bega kwa bega pasipo alama yoyote ya kuvitofautisha.

Kwa wasioifahamu, QGIS ni programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2009 na toleo la 3.0 mwaka 2018. Kusoma mafaili ya picha hutegemea maktaba ya GDAL, yaani mkusanyo wa msimbo wa kusoma na kuandika data za picha, kazi iliyoanzishwa na Frank Warmerdam. Hili lina maana kubwa kwa mtumiaji wa kawaida, kwa sababu taarifa zinazoonekana kwenye dirisha la sifa zinatoka kwenye chanzo kilekile ambacho mtaalamu angekisoma kwa amri ya gdalinfo. Sijaona haja ya kuwa na programu ya pili kwa ajili ya kuhakiki tu.

Ukibofya mara mbili jina la tabaka, dirisha hufunguka, na kichupo cha taarifa ndicho cha kuanzia. Chukua mfano wa picha ya satelaiti ya Sentinel-2, katika bendi yake ya bluu, yaani ile inayopima mwanga wa bluu peke yake. Kichupo kinaonyesha kwamba picha ina safu wima 10980 na safu mlalo 10980, kwamba kila pikseli ina ukubwa wa mita 10 kwa 10, kwamba aina ya data ni UInt16, yaani namba kamili zisizo na alama ya hasi kuanzia 0 hadi 65535, na kwamba mfumo wa koordineti ni UTM wa kanda fulani, unaohesabu kwa mita, wenye namba yake ya utambulisho iitwayo EPSG. Kutokana na mistari hiyo michache mtu anaweza kukokotoa mengi kabla hata ya kuitazama picha: upande mmoja una kilomita 109.8, na bendi hiyo moja, ikiwa haijabanwa, itachukua takriban megabaiti 241. Utaona pia ukubwa wa pikseli ukiandikwa 10 na hasi 10. Wengi huishtukia hiyo hasi wakidhani ni kasoro, kumbe inaeleza tu kwamba safu mlalo zinahesabiwa kutoka juu kwenda chini ilhali thamani za kaskazini zinaongezeka kwenda juu.

Mstari ninaousoma kwa makini kuliko yote ni ule wa aina ya data. Mtu akiniletea picha na kuniambia kwamba ina thamani za mwakisiko wa mwanga kutoka ardhini, nami nikakuta aina yake ni Byte, yaani namba 0 hadi 255, najua papo hapo kwamba kuna mtu aliyeinyoosha picha hiyo ili ipendeze machoni, kisha akaihifadhi hivyo. Picha kama hiyo inafaa kuwekwa nyuma ya ramani, lakini haifai kukokotolea kielezo cha uoto, kwa sababu thamani za asili zimekwisha kupotea na hakuna kitufe cha kuzirudisha. Dirisha la sifa halikuambii hayo kwa maneno, ila linakupa namba moja inayotosha kuibua swali.

Sasa nije kwenye kuhariri, na nitaanza na thamani ya pasipo data, maana hapo ndipo penye vurugu nyingi. Data za miinuko za SRTM, zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, hutumia namba hasi 32768 kuashiria mahali ambapo hakuna kipimo. Faili likiitangaza namba hiyo, QGIS huiacha nje ya takwimu na mambo yanakwenda vizuri. Faili lisipoitangaza, namba hiyo huhesabiwa kama bonde lenye kina cha ajabu, na rangi zikipangwa kuanzia kiwango cha chini kabisa hadi cha juu kabisa, milima yote na mabonde yote ya kweli hurundikana kwenye weupe wa mwisho wa kipimo. Kichupo cha uangavu kina nafasi ya kuandika thamani ya ziada ya pasipo data. Ukiiandika na kubofya kitufe cha kutekeleza, picha inakaa sawa mara moja. Tatizo ni kwamba hujaligusa faili. Umeuambia mradi wako tu. Mwenzako akilifungua faili lilelile katika mradi wake, bonde la ajabu litakuwa palepale. Ili badiliko liingie kwenye faili lenyewe, inabidi utumie zana ya kutafsiri iliyo kwenye menyu ya rasta, yaani ya data za pikseli, ambayo hutengeneza faili jipya, au amri ya gdal_edit yenye swichi ya -a_nodata, ambayo hulihariri faili hapohapo lilipo.

Kuna jambo jingine hapo ambalo watumiaji wa droni wangefaa kulijua. Picha za droni zilizounganishwa huwa na kingo nyeusi, na njia ya mkato inayovutia ni kutangaza 0 kuwa pasipo data. Kingo zinatoweka kweli. Lakini katika picha ya bendi tatu, QGIS huichukulia pikseli kuwa haina data hata kama ni bendi moja tu kati ya hizo tatu iliyo na thamani hiyo, kwa hiyo vivuli vizito, maji ya giza na mapaa yenye rangi kali hutokea na vitundu vidogovidogo vinavyoonyesha tabaka la chini. Ukiikuza picha utaviona vimetapakaa kama mahali palipoliwa na nondo. Kwa picha za aina hiyo ni afadhali kuwa na bendi ya nne ya alfa, inayoeleza ni pikseli zipi zionekane na zipi zisionekane, na kichupo hichohicho cha uangavu kina mahali pa kuichagua.

Suala la mfumo wa koordineti linafanana na hilo, ila madhara yake ni makubwa zaidi. Kwenye kichupo cha chanzo unaweza kubadilisha mfumo uliowekwa kwa tabaka, na wanaoanza hudhani kwamba kwa kufanya hivyo wameigeuza picha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Sivyo. Hapo unaiambia programu jinsi ya kuzielewa namba zilizomo. Pikseli hazisogei hata chembe. Kama picha ina pikseli zenye ukubwa wa takriban 0.00009, hizo ni digrii, na kuipachika EPSG ya UTM inayohesabu kwa mita kutaifanya picha nzima iwe nukta isiyoonekana. Kugeuza kikwelikweli ni kazi ya zana ya kubadilisha projeksheni, ambayo hukokotoa pikseli upya na kutoa faili jingine.

Kichupo cha chanzo kinafaa pale tu ambapo taarifa ya mfumo imekosekana au imekosewa. Kampuni moja ambayo sitaitaja iliwahi kunipa picha za droni zikiwa na mafaili ya tfw pekee. Faili la tfw ni maandishi ya mistari sita: ukubwa wa pikseli kwa mlalo, namba mbili za mzunguko, ukubwa wa pikseli kwa wima, na koordineti mbili za kitovu cha pikseli ya kona ya juu kushoto. Mfumo wa koordineti haumo kabisa kwenye mistari hiyo. QGIS ilifanya jambo la maana, ikaweka alama ya kuuliza kando ya jina la tabaka badala ya kubahatisha kimyakimya. Kampuni iliponiambia kanda iliyotumika niliitumia zana ya kukabidhi projeksheni, ambayo nyuma ya pazia huendesha gdal_edit na hivyo kuandika mfumo ndani ya faili la TIFF, yaani faili lenyewe la picha. Ningeutaja mfumo kwenye kichupo cha chanzo peke yake, alama ya kuuliza ingemrudia kila mtu ambaye ningemkabidhi picha hizo.

Kichupo cha mwonekano ndicho chenye vitufe vingi, na kwa jumla nakisifu. Bendi nyingi za thamani kubwa hunyooshwa kwa kukata asilimia 2 za chini na asilimia 2 za juu, jambo linaloondoa athari ya mawingu meupe sana na vivuli. La kuangalia ni kwamba takwimu hizo kwa kawaida hukadiriwa kutokana na sampuli ya pikseli ili kazi iende haraka. Anayetaka kunakili kiwango cha chini na cha juu kwenye ripoti achague takwimu halisi, hata kama atasubiri. Vilevile kuna chaguo la kuchukua takwimu za eneo linaloonekana kwenye skrini peke yake, ambalo linasaidia sana unapochunguza ziwa au shamba moja, lakini likiachwa lijisasishe kila unaposogeza ramani, rangi zitabadilika kila mara na ulinganisho wa sehemu mbili hautakuwa na maana.

Namba hizo zinazoonekana, hata hivyo, si lazima ziwe kipimo chenyewe. Data za satelaiti za Landsat 8 na 9, katika toleo liitwalo Mkusanyo wa 2, huhifadhi mwakisiko wa uso wa ardhi kama namba kamili, ambayo huzidishwa kwa 0.0000275 kisha ikapunguzwa 0.2, kwa hiyo thamani ya 20000 kwenye histogramu ni mwakisiko wa 0.35. Sentinel-2 nayo hugawanywa kwa 10000, na picha zilizochakatwa kwa utaratibu ulioanza tarehe 25 Januari 2022 hutakiwa kwanza kupunguzwa 1000. Anayelinganisha picha ya mwaka 2021 na ya mwaka 2023 pasipo kulizingatia hilo anaweza kutangaza mabadiliko ya ardhi ambayo hayakutokea. Faili likiwa limetangaza kizidishi na kiongezi chake, QGIS huvitumia yenyewe. Lisipovitangaza, unachokiona ni namba ghafi. Ningefurahi kama dirisha la sifa lingeruhusu kuvijaza papo hapo, lakini kwa sasa narudi kwenye gdal_edit, inayokubali vyote viwili.

Piramidi sitazizungumzia sana. Ni nakala zilizopunguzwa kwa nusu, robo na kuendelea ili picha kubwa ifunguke upesi, na kwa pamoja huongeza takriban theluthi moja ya ukubwa wa data isiyobanwa. Kichupo chake kinaonya waziwazi kwamba ukizijenga ndani ya faili utalibadilisha faili la asili, na ni onyo la aina hiyo ningependa kuliona kwenye vichupo vingine pia. Mimi huchagua piramidi za nje, ambazo hukaa kwenye faili la ovr na hufutika ukitaka.

Kichupo cha metadata kimenifaa kuliko nilivyotarajia. Kina nafasi za jina, maelezo, maneno ya kutafutia, leseni, mawasiliano na historia ya data, na vyote huweza kuhifadhiwa kwenye faili la qmd kando ya picha. Kwenye historia naandika badiliko lililofanyika ndani ya faili kwa sentensi fupi: 255 imetangazwa kuwa pasipo data, mfumo wa koordineti umekabidhiwa kwa maelezo ya aliyeileta picha, piramidi ni za nje. Uangalifu unahitajika wakati wa kunakili, kwa kuwa picha moja ya TIFF inaweza kuwa imezungukwa na faili la tfw, la ovr, la qml lenye mtindo wa rangi, la qmd, na lile la aux.xml ambamo takwimu hutunzwa. Anayechukua TIFF peke yake anaacha nyuma sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa hiyo mimi hukabidhi folda nzima.