Kundi la WhatsApp la kuchangia matibabu: linapofaa na linapokwama

Kwa kukusanya pesa za hospitali haraka, kundi la WhatsApp linaishinda kadi ya mchango ya kuchapisha. Halina gharama na linabeba hadi watu 1,024. Tatizo ni huo wingi wenyewe.

Mwaka 1968 huko Marekani, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané waliwasikilizisha watu sauti ya mwenzao akishikwa na kifafa chumba kingine. Waliodhani wako peke yao, asilimia 85 walikwenda kuita msaada kabla sauti haijakoma. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. “Jamani tuchangie” mbele ya watu 300 huishia hivyohivyo: kila mmoja anamwachia mwenzake, wala si kwa roho mbaya. Mwekahazina awafuate inboksi mmoja mmoja: “Shikamoo mjomba, tukuandikie ngapi kwa ajili ya Mama Asha?”

Kinachoharibu zaidi ni ile orodha ya kunakili na kubandika. Wawili wakinakili kwa pamoja, wa pili anafuta jina la wa kwanza. Aliyetoa 20,000 asijione hulalamika kimoyomoyo, na safari nyingine hatoi. Orodha iandikwe na mtu mmoja, ibandikwe asubuhi na usiku, ahadi zikae mbali na taslimu. Juu kabisa zisipangwe laki tupu; mwenye 5,000 ataona haya na kunyamaza.

Ujumbe wa kwanza umhusu mgonjwa mmoja: jina, picha kwa ridhaa yake, kiasi kinachohitajika, tarehe ya upasuaji. Basi. Katika utafiti wa Small, Loewenstein na Slovic wa 2007, waliosoma habari za mtoto mmoja wa Mali walitoa wastani wa dola 2.38 kati ya 5 walizokuwa nazo. Waliopewa takwimu za njaa, 1.14. Takwimu zilipowekwa pamoja na mtoto huyo, mchango ulishuka hadi 1.43. Kwa hiyo maelezo marefu kuhusu ugumu wa bima yasubiri.

Tangazeni pia jina la mpokeaji litakalotokea kwenye simu mtu anapotuma pesa, kabla hajaweka namba ya siri. Likiwa geni, mtu anaghairi palepale.

Mwisho, wekeni mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma ujumbe, kwa sababu “Amina” mia moja huifukia orodha. Risiti ya hospitali ikitoka, ibandikeni siku hiyohiyo.