Bitabu bya zamani bya ordinatere, sentrevile Lubumbashi: hesabu paje mbele ya kulipa

Benye kupenda bitu ya zamani, kuko papa moja anatandikaka bitabu chini ku trotwari, sentrevile, hana hata meza, ni bashi tu ya bulu, mvua ikikuya anafunika byote na anabaki amesimama pale. Mie napitaka kwake juu ya bitabu bya enformatike ya miaka ya 80.

Sitadanganya, mingi ni uchafu, dBase, MS-DOS (programu za PC za zamani), paje 600 zenye hakuna muntu atasoma tena. Lakini uinue bile binene, chini njo kuko mali: bile bidogo bya Bezike (BASIC, luga ya kuandikia programu) ya Amstrad CPC 464 na Thomson MO5, ordinatere za nyumba za 1984. Wakati ule programu ilikuwa inachapwa ndani ya kitabu, mustari kwa mustari, na weye unaipiga ku klavie mpaka bidole binauma, ukisahau koma moja basi eroro. Na Amstrad yote ilikuwa na memware ya 64 KB, foto moja ya telefone yako haiingie mule, na bantu walikuwa banacheza michezo!

Kimoja niliokota kiko na muhuri wenye kuandikwa Shaba, njo jina Katanga ilibebaka toka 1971 mpaka 1997. Mwenye kitabu alikata mustari wa 340 na biki nyekundu, akaandika yake pembeni. Usiku ule nikakaa ku ordi na emulatere (programu yenye kuiga ile mashine ya zamani), nikapiga programu yote, haitembee. Nikaweka ile ya biki nyekundu. Ikatembea. Kitabu njo kilikosea, ule muntu alikuwa na haki, sijui hata sura yake lakini nilimuitikia peke yangu mule chumba.

Bei: papa anapimaka na unene. dBase elfu kumi, Amstrad «mwanangu, hii ni nyepesi, leta elfu mbili.» Mie nanyamaza tu, nalipa. Beba makuta ya kuvunjika, hanaka shenji.

Kibaya kiko kimoja: kitabu kikikawia, anachana paje anauzia bamama ba kalanga. Nilifika nyumba, programu inasema GOSUB 2000, maana enda ku mustari wa 2000, na paje ya ule 2000 yenyewe mama alishaifungia kalanga. Nilimurudishia, akacheka, akanipa ingine bure, kumbe nayo haina mwisho.

Nampa 4 ku 5. Kile cha MO5 chenye kova ya oranje usikitafute, nilishakibeba jana.