Dawa za Dizeli za Majira ya Baridi: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe Rafuni

Januari iliyopita, kando ya barabara kuu ya 94 magharibi mwa Fargo, jimboni North Dakota, lori letu lilikataa kuwaka asubuhi, nami, kama madereva wengi tuliotoka nchi za joto, nikahukumu papo hapo kwamba dizeli imeganda. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimetia tangini dawa ya kuzuia dizeli isigande, niliyoinunua kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote kituoni, basi nikaongeza chupa ya pili. Fundi alipofika aliniambia nipige stata, akamulika tochi kwenye kikombe cha kioo cha chujio la mafuta, na humo mapovu yakawa yanapanda kama maji yanayoanza kuchemka. Dizeli haikuwa imeganda hata kidogo. Lori lilikuwa linavuta upepo kwenye njia ya mafuta. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, aliyoichomoa kwenye maungio ya paipu ilikuwa kavu, na alipoikunja kwa vidole viwili ikapasuka.

Kwa sababu hiyo sitalinganisha hapa nyuzi za baridi ambazo kila kampuni inadai kuzimudu. Dawa nyingi zenye jina huzuia nta ya dizeli isizibe chujio, mradi zitiwe mapema, mafuta yakiwa bado hayajapoa, na zitangulie tangini kabla ya kujaza ili zichanganyike vizuri. Mimi ninachokitazama kwanza ni alkoholi.

Methanoli na isopropanoli, ambazo ni aina za alkoholi, huyeyusha barafu upesi, tena ni rahisi kwa mtengenezaji, lakini hukausha mpira wa paipu na oringi, na hupunguza ulainishaji ambao pampu na nozeli huutegemea. Dizeli yenyewe imeshapungukiwa: tangu 2006 ile ya barabarani nchini Marekani ilianza kusafishwa hadi salfa isizidi sehemu 15 kwa milioni, na usafishaji huo huondoa pia viambato vilivyokuwa vikilainisha pampu, pamoja na vile vilivyoufanya mpira wa naitraili, ule wa oringi za kawaida, uvimbe kidogo na kuziba sawasawa. Lori la zamani huingia majira ya baridi likiwa na oringi zilizokwisha kusinyaa, baridi inazikaza zaidi, kisha mwenye lori anazimwagia alkoholi. Kibaya zaidi ni kwamba paipu iliyo kati ya tangi na pampu huvuta mafuta, haiyasukumi, kwa hiyo mwanya wake haudondoshi tone chini ukaliona. Unaingiza hewa, mafuta yanarudi tangini usiku kucha, na asubuhi dereva anadhani yameganda, anatia dawa ile ile tena.

Ya kwanza kwangu ni Howes Diesel Treat, na upendeleo wangu siufichi. Haina alkoholi, inaongeza ulainishaji, na kampuni inaahidi kwamba ukiitumia kama ilivyoelekezwa kisha mafuta yakaganda, italipia gharama ya lori kuvutwa.

Ya pili ni Power Service ya chupa nyeupe, ambayo haikosekani katika vituo vingi vya malori. Aunsi 32 hutosha galoni 100 wakati wa baridi. Asiichanganye mtu na ile ya chupa nyekundu iitwayo Diesel 911, ambayo ni ya kuokolea mafuta yaliyokwisha ganda: iwekwe moja ndani ya kabini, isitiwe kila siku.

Ya tatu ni kuchanganya dizeli namba 1, ile nyepesi isiyoganda upesi. Inasaidia, ila kila asilimia 10 hushusha kiwango cha kuanza kuganda kwa nyuzi mbili tu hivi za Selsiasi, nayo ni ghali na hulainisha kidogo, hivyo dawa bado itahitajika. Vichupa vidogo vya alkoholi vilivyotengenezwa kwa magari ya petroli, na petroli yenyewe, visikaribie tangi la dizeli.

Nina uchungu na wauzaji. Niliporudi katika kituo kile na kumwuliza mhudumu kilichomo ndani ya chupa aliyoniuzia, alinisomea maneno ya mbele ya lebo, ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasoma. Maelezo ya kweli yamo katika karatasi ya usalama wa kemikali, sehemu ya 3, ambako methanoli au isopropanoli hutajwa kwa jina, na karatasi hiyo hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Inaniuma kwamba dereva aliyesimama kwenye upepo wa theluji ndiye anayetakiwa kuitafuta. Tena bei ya rafu ile ile ilikuwa imepanda tangu Oktoba. Mwaka huu nimenunua katoni nzima ya Howes mwezi wa Septemba, na fundi ameshabadilisha oringi zote za njia ya kuvutia mafuta kwa zile za Viton, mpira sugu zaidi.