Wasifu wa Jackie Robinson: kijitabu kizuri kilichoisahau Kenya

Kijitabu hiki kinauzwa na wauza vitabu vya mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, kwa shilingi 150, na mnunuzi anayejua kupatana bei huondoka nacho kwa 100. Jalada lina picha ya mchezaji aliyevaa jezi nambari 42, na ndani kuna muhuri wa maktaba ya shule moja ya Marekani iliyokiondoa kwenye rafu zake. Kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, nacho kinasimulia maisha ya Jackie Robinson, Mmarekani mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza besiboli kwenye ligi kuu za nchi yake.

Sehemu bora ni ile inayotangulia umaarufu. Robinson alizaliwa Januari 31, 1919, mjini Cairo, jimbo la Georgia, na mwaka uliofuata mama yake, Mallie, akiwa ameachwa na mumewe, aliwachukua wanawe watano akahamia Pasadena, California. Mwandishi haendi mbio hapa. Anatufikisha mwaka 1944, Robinson akiwa luteni katika kambi ya jeshi huko Texas, alipokataa amri ya dereva ya kuhamia viti vya nyuma vya basi, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kuachiliwa huru. Aliyekisoma kisa hicho ataelewa uzito wa mkutano wa Agosti 1945, ambapo Branch Rickey, kiongozi wa timu ya Brooklyn Dodgers iliyotaka kumsajili, alimtukana makusudi kwa kuwaigiza wabaguzi ambao angekutana nao uwanjani, ili aone kama mtu yule aliyekataa kusogea kwenye basi angeweza kuuzuia mkono wake. Robinson aliahidi kutolipiza, akaingia uwanjani Aprili 15, 1947, akavumilia matusi ya kutisha ya wapinzani kutoka Philadelphia, na msimu ulipokwisha akatangazwa mchezaji bora chipukizi. Mwaka 1949 alikuwa mchezaji mwenye thamani zaidi katika ligi yake.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba mwandishi anadhani kila msomaji amekulia katika mchezo huo. Aliyecheza raunda katika shule ya msingi atajikokota na kuelewa kurusha, kupiga na kukimbia vituo, lakini hataelezwa kwa nini kuiba kituo kulimfanya Robinson aogopwe kiasi kile. Mkimbiaji huchomoka kituoni bila kungoja mpira upigwe, akashindana na mkono wa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji kudaka mipira, hadi kituo kinachofuata. Kuiba kituo cha mwisho ni kuthubutu zaidi, kwa sababu mdakaji mwenyewe amechutama pale pale akiusubiri mpira. Robinson alifanya hivyo katika mechi ya kwanza ya fainali za 1955 dhidi ya timu ya New York Yankees, na Yogi Berra, mdakaji wao, akaruka kwa hasira kumlalamikia mwamuzi. Picha ya tukio hilo imepewa kurasa mbili za katikati: vumbi limetimka, mguu unateleza, glavu inashuka, na hata ukiitazama kwa makini huwezi kuapa ni nani aliyewahi. Kwangu mimi picha hiyo peke yake inatosha kurudisha shilingi 100.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, nao utamuuma hasa msomaji wa Nyanza. Maisha ya Robinson baada ya kuacha mchezo, msimu wa 1956 ulipomalizika, yamebanwa katika ukurasa mmoja na nusu, ingawa alishiriki kuanzisha benki ya Freedom National huko Harlem mwaka 1964 na kupigania haki za kiraia hadi alipofariki Oktoba 24, 1972, akiwa na umri wa miaka 53. Kuhusu mwaka 1959 hakuna hata sentensi moja. Mwaka huo Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga huko Nyanza, alizunguka Marekani akitafuta msaada wa kuwapeleka Wakenya vyuoni, na Robinson, pamoja na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier, alitia sahihi barua ya kuwachangisha watu pesa za ndege. Mwezi Septemba wanafunzi 81 walitua New York. Mwandishi hawezi kujitetea kwamba nafasi ilikuwa finyu, maana ametumia sura nzima kueleza jinsi nambari 42 ilivyostaafishwa na timu zote mwaka 1997, yaani isipewe tena mchezaji mpya. Vilevile hamtaji mwana wa Robinson, David, aliyehamia Tanzania akawa mkulima wa kahawa.

Pamoja na hayo, ninakipendekeza kwa mwanafunzi wa sekondari ya msingi na kwa mwalimu anayefundisha ubaguzi wa rangi, mradi kisa cha Mboya akieleze yeye mwenyewe. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za katikati uhakikishe kwamba picha ya Berra ipo, kwa kuwa baadhi ya nakala zimenyofolewa.